Nani kawaambia Seinfeld haihusu chochote?

Juzi kijana kaniletea skripti ya kurasa thelathini. Marafiki wanne wako sebuleni, wanapiga soga. Ukurasa wa kumi, soga. Ukurasa wa ishirini mmoja anakwenda chooni, anarudi, soga inaendelea. Nikamuuliza kisa kiko wapi. Akanionea huruma kabisa. "Mwalimu, hii ni kama Seinfeld. Haihusu chochote."

Huyo ni wa nne mwaka huu.

Seinfeld ni mfululizo wa vichekesho wa televisheni ya Marekani. Maneno hayo yametoka msimu wake wa nne, wa 1992 hadi 1993, na msemaji wake ni mhusika George Costanza, rafiki wa Jerry. George! Hana kazi, uongo ndiyo nauli yake ya mjini, halafu ndiye anayeingia ofisi za kituo cha televisheni cha NBC na kuwatangazia mabosi kwa kiburi kwamba kipindi anachotaka kutunga na Jerry kitakuwa hakihusu kitu. Mabosi wanamkodolea macho, na mzaha ni huo. Larry David, aliyeitunga Seinfeld pamoja na Jerry Seinfeld, alimtilia mpumbavu maneno mdomoni, ninyi wanafunzi wa skripti mkayageuza msahafu. Jerry Seinfeld mwenyewe ameshaeleza kwamba NBC wa kweli waliuziwa wazo la kawaida tu: mchekeshaji anavipata wapi vichekesho vyake.

Haya, tuone hicho "chochote". George anapata sigara za Cuba za baba yake Susan, mpenzi wake anayefanya kazi NBC. Anamgawia Kramer, jirani yake Jerry. Kramer anakwenda nazo kwenye kibanda cha mapumziko cha huyohuyo baba, anaiacha moja ikiwaka, kibanda kinateketea. Kinachopona ni kasha la barua, nazo zinafichua kwamba mzee alikuwa na mapenzi ya siri na mwandishi John Cheever. Nitajieni tamthilia ya kilio yenye mnyororo mrefu kuliko huo.

Kinachonichosha ni watu kutotofautisha jambo dogo na kutokuwa na jambo. Chukua sehemu iitwayo "The Contest", iliyompa Larry David tuzo ya Emmy ya uandishi. Marafiki wanne wanawekeana dau nani atakaa muda mrefu bila kujichua. Wanaume dola 100 kila mmoja, Elaine, rafiki yao wa kike, 150, kwa madai kwamba kwa mwanamke ni rahisi. Dau la kitoto. Lakini kila mmoja kawekewa mtego wake: Kramer ana jirani anayetembea uchi dirishani, Jerry ana mpenzi bikira, Elaine anakutana na John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais, mazoezini, na George, maskini, anamuuguza mama hospitalini huku nyuma ya pazia muuguzi anamwogesha mgonjwa. Watu wanne, vishawishi vinne, na lile neno lenyewe halitamkwi hata mara moja! Hiyo ni hesabu kali. Kinachotakiwa ni kidogo, anayekitaka anakitaka kama roho yake.

Kisa kikuu (A), kisa cha pembeni (B), kuvigonganisha mwishoni, hayo mnayajua, sirudii.

Mtaniambia: na ile sehemu ya mgahawa wa Kichina, ya 1991, wanayosubiri meza tu? Hapo nakiri mna hoja kidogo. Ila Elaine ana njaa, George anaitaka simu, sinema inakaribia kuanza. Kusubiri kunauma kwa sababu kila mtu ana pa kwenda.

Na nisijifanye fundi wa kila kitu. Huo mkondo wa George na Jerry kuiuzia NBC kipindi, ninaousifia, unapotea katikati ya msimu, sehemu kadhaa mfululizo, na sijawahi kuamua kama ni ufundi au walichoka. Tena, Kramer akiingia mlangoni kwa kishindo mimi nacheka kila mara, na sina nadharia. Nimeshawahi kuandika mlango kama huo. Hakucheka mtu.

Nilimrudishia kijana skripti yake. Nikamuuliza, huyu wa ukurasa wa ishirini alifuata nini chooni?

"Haja ndogo, mwalimu."

"Basi funga choo, na ufunguo mpe mtu anayemdai."