Kinga inapomgeuka mwenyewe: mbwa wangu, kupe wa Malindi na ugonjwa usiokamatika kwa kipimo kimoja

Jumapili alikuwa akiwafukuza tumbili waliovamia mpapai wetu. Jumanne asubuhi alilala chini ya mwarobaini, kunguru wakamlia ugali na dagaa wake mbele ya macho yake, naye hakuinua hata kichwa. Nilimfunua mdomo. Fizi zilizokuwa za waridi zilikuwa nyeupe kama nyama ya nazi. Alipojikokota kwenda kukojoa mchangani, mkojo ulitoka na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa.

Ni mbwa wa kienyeji, jike, miaka mitano, kilo kumi na nane, mlinzi wa ua wetu huku Barani, Malindi. Duka moja la dawa za mifugo tulilopitia kwanza lilimdunga sindano ya "homa ya kupe" bila kumtoa hata tone la damu. Alhamisi ndipo tulipompata daktari wa mifugo mwenye darubini, naye akaniambia maneno ambayo wakati ule sikuyaelewa: "Mama, damu hii haijapungua kwa kumwagika. Inavunjwa na mwili wenyewe. Kinga yake imemgeuka."

Tuanzie hapo basi. Kinga ya mwili ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya kuwa moja: kutambua na kuangamiza. Kutambua ni kazi ya kingamwili, protini ndogo ndogo zinazotengenezwa na aina fulani ya chembe nyeupe na kuelea kwenye damu. Kingamwili ikikutana na kitu kigeni hujibandika juu yake. Mara nyingi yenyewe haikiui, inakiwekea alama tu. Ukipita barabara zetu umeziona kuta zilizopigwa X nyekundu kwa sababu zimejengwa kwenye hifadhi ya barabara. Rangi ile haibomoi nyumba. Lakini tingatinga likija haliulizi hati ya kiwanja, linatazama X. Katika mwili wa mbwa, tingatinga ni chembe kubwa walaji zinazokaa hasa kwenye bandama na ini. Kazi yao ni kumeza chochote chenye alama.

Ugonjwa wa kinga kujishambulia ni pale X inapopigwa kwenye nyumba halali. Zikipigwa X chembe nyekundu za damu, mbwa anapungukiwa damu kwa siku chache tu, ijapokuwa chembe hizo kwa kawaida huishi zaidi ya siku mia moja. Zikipigwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, utaona madoadoa ya zambarau tumboni au damu puani bila jeraha. Maungio yakishambuliwa, mbwa anatembea kama anakanyaga makaa. Ngozi nayo hutoka malengelenge na magamba. Kwa hiyo jina hili halitaji kijidudu wala kiungo, linamtaja mshambuliaji. Ndiyo maana mbwa wawili wanaweza kuwa na "ugonjwa wa kinga" na wasifanane hata kidogo.

Aliyefikiria jambo hili mapema ni Mjerumani Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliona mwili una uwezo wa kujitengenezea sumu dhidi yake wenyewe, ila lazima uwe na namna ya kujizuia, maana vinginevyo ni balaa. Mwaka 1908 aligawana Tuzo ya Nobel na Mrusi Élie Metchnikoff, aliyezigundua zile chembe walaji. Sasa tazama dunia ilivyo na mzaha. Mwaka 1935 huko Algeria kilielezwa kijidudu kinachoingia kwenye chembe nyeupe za mbwa kwa njia ya kupe, na miaka kumi baadaye jamii ya vijidudu hivyo ikapewa jina la heshima la Ehrlich: Ehrlichia. Hicho ndicho chanzo cha ugonjwa ambao pwani tunauita homa ya kupe. Na mojawapo ya vitimbi vyake ni kuifanya kinga ya mbwa ijipige yenyewe.

Hapo ndipo ugumu wa kuutambua unapoanza, na huku kwetu unazidi. Wenye mbwa Ulaya wakisikia fizi zimepauka ghafla, kupe huenda asiwajie akilini kwanza. Malindi, kupe ndiye mshukiwa namba moja. Kupe wa kahawia wa mbwa hahitaji ng'ombe wala nyasi. Anaishi nasi nyumbani, kwenye nyufa za kuta za mawe ya matumbawe, nyuma ya mlango, chini ya mkeka wa mlinzi, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Joto letu halimpumzishi mwaka mzima. Hubeba Ehrlichia, ambayo zaidi hushusha chembe sahani, na hubeba pia Babesia, vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu zenyewe na kuzipasua. Babesia huleta fizi nyeupe, macho ya manjano na mkojo wa mkandaa. Kinga iliyojigeuka nayo huleta fizi nyeupe, macho ya manjano na mkojo wa mkandaa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na anayekuambia anaweza anakudanganya.

Utasema basi apimwe. Apimwe nini? Kipimo cha haraka cha Ehrlichia kwa kawaida hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kijidudu. Mbwa aliyekulia Malindi anaweza kuwa alikutana nacho zamani na akapona, kwa hiyo jibu la "ndiyo" halisemi kwamba ndicho kinachomuua leo. Kinyume chake, aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana msafi, kwa sababu kingamwili huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza. Kipimo cha vinasaba kina uhakika zaidi, lakini sampuli yangu ilibidi iwekwe kwenye boksi la barafu na kupanda basi la Nairobi, na majibu yakachukua siku. Mbwa mwenye damu ya asilimia kumi na sita hana siku za kusubiri.

Asilimia hiyo ni ya nini? Daktari alivuta damu kwenye mrija mwembamba wa kioo, akauzungusha kwenye mashine, chembe zikashuka chini na majimaji yakabaki juu. Sehemu ya chembe ndiyo asilimia. Kwa mbwa mzima ni kati ya 37 na 55. Yake ilikuwa 16, na maji ya juu yalikuwa ya manjano badala ya kuwa meupe.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau kwa urahisi wake. Akaweka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akaongeza matone manne ya maji ya chumvi ya hospitali, akakiinamisha dirishani huku na huku. "Njoo uone," akaniita. Damu ya kawaida huenea laini kama rangi. Hii ilikuwa na punje punje, kama tui lililokatika. Chembe zilikuwa zimeshikana kwa sababu kingamwili zilizobandikwa juu yake zimezifunga pamoja. Maji ya chumvi huwekwa makusudi, maana kuna chembe zinazopangana tu kama sarafu bila kushikana, na hizo maji huziachanisha. Hizi hazikuachana.

Chini ya darubini akaonyesha ushahidi wa pili. Chembe nyekundu ya mbwa ni kama chapati iliyobonyezwa katikati, ina weupe pale kati. Mlaji wa bandama akiing'ata kipande cha ngozi bila kuimeza yote, inajikunja ikawa kama kaimati: ndogo, mviringo, nyekundu tupu. Kwa mbwa kaimati hizi huonekana vizuri. Kwa paka ni taabu, chembe zao ni ndogo na weupe wa kati hauonekani sana. Babesia hakuiona, ingawa alitafuta hata kwenye damu ya ncha ya sikio. Kuna na kipimo cha Coombs, kilichotangazwa mwaka 1945 na Robin Coombs wa Uingereza, mtu ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya udaktari wa mifugo, nacho hunasa kingamwili zilizobandikwa hata pale punje hazionekani kwa macho.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na madaktari bingwa wa mifugo wa Marekani unakubali wazi kwamba hakuna kipimo kimoja. Unahesabu dalili: damu imepungua, kuna alama angalau mbili za kinga kuhusika, kuna alama ya chembe kuvunjika. Zikitimia, ugonjwa umethibitika. Zikipungua, unaandikwa kama unaoshukiwa. Na hata ukithibitika, bado kuna swali: ni wa msingi, yaani kinga imeharibika bila chanzo kuonekana, au ni wa pili, yaani kuna kupe, uvimbe, dawa au maambukizi yaliyoichokoza? Jibu la "wa msingi" hupatikana kwa kuondoa mengine yote, mojamoja. Mtego mwingine: vitunguu navyo huvunja chembe nyekundu za mbwa. Daktari aliniuliza mara tatu kama tunampa mabaki ya pilau. Mara ya tatu nikakiri kwamba watoto humpa.

Tatizo la tiba linatokana na tatizo la jina. Kinga iliyojigeuka hutulizwa kwa dawa za steroidi, hasa prednisoloni. Kupambana na vijidudu vya kupe kunahitaji kinga iwe macho. Ukituliza kinga huku kijidudu kipo, umemfungulia mwizi mlango. Usipoituliza huku yenyewe ndiyo mwizi, mbwa anakwisha. Daktari wetu alifanya kile ambacho wengi hufanya penye kupe: akaanzisha vyote pamoja, prednisoloni kwa kinga na doksisaiklini kwa wiki nne kwa ajili ya Ehrlichia, bila kungoja basi la Nairobi. Mimi naona alifanya sawa. Akaongeza klopidogreli, kwa sababu muuaji mkubwa katika ugonjwa huu mara nyingi si upungufu wa damu bali mabonge yanayoganda ndani ya mishipa na kuziba mapafu. Hofu kubwa ni wiki mbili za mwanzo.

Dawa zenyewe ni zilezile za binadamu. Nilikwenda duka la dawa mjini.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Uzito?"

"Kilo kumi na nane."

Akasoma karatasi, akavua miwani. "Vidonge saba kwa siku? Dada, mtoto huyu anaumwa nini?" Nilipomwambia ni mbwa alicheka mpaka mwenzake akatoka chumba cha nyuma, lakini hesabu ilikuwa sahihi: miligramu mbili kwa kila kilo, vidonge vya miligramu tano.

Jirani yangu, bibi mcha Mungu ambaye mate ya mbwa yakimgusa ataosha mara saba, mojawapo kwa udongo, alisimama ng'ambo ya ua akanipitishia mfuko. "Mwanangu, mpe ini hili. Litamrudishia damu." Nililipokea kwa shukrani, na mbwa alilila lote. Lakini ini, kiazi nyekundu na dawa za madini ya chuma si tiba hapa. Chuma cha chembe zilizobomolewa kwenye bandama hakipotei, mwili unakiokota na kukitumia tena. Kiwanda cha uboho kinafanya kazi, ila huchukua siku tatu hadi tano kuanza kumwaga chembe changa kwa wingi. Lazima kwanza tingatinga lisimame.

Lilisimama siku ya sita. Asilimia ilishuka hadi 14, ikakaa, ikapanda 19. Tulikuwa tayari tumeomba mbwa mkubwa wa mlinzi wa jirani awe tayari kutoa damu, tukamsamehe.

Kuishi na dawa ni kazi nyingine. Prednisoloni humfanya mbwa anywe maji kama amekunywa bahari, akojoe kila saa, ahemee kivulini, na aibe chakula hata cha paka. Nilimwekea ndoo mbili badala ya sufuria. Misuli ya mgongo ilipungua, tumbo likaning'inia, watoto wakasema ana mimba. Doksisaiklini lazima iende na chakula, kidonge kikibaki kooni kinachoma. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu zilizo kwenye droo ya nyumbani asipewe kamwe juu ya steroidi, tumbo litatoboka. Na prednisoloni haikatwi siku moja hata akionekana mzima: tezi zilizo juu ya figo zimezoea kuletewa, zinahitaji muda kuamka. Inapunguzwa robo hivi kila wiki tatu, damu ikipimwa kila mara, na safari nzima ni kati ya miezi minne na minane.

Kila asubuhi kabla ya uji namfunua mdomo, nabonyeza ufizi kwa kidole na kuhesabu. Weupe wa kidole urudi waridi kabla ya sekunde mbili. Naandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu: tarehe, rangi, amekula, kupe waliookotwa. Leo vidonge ni viwili na nusu, kupe sifuri.

Majibu ya Nairobi yalikuja siku ya tisa: vinasaba vya Ehrlichia havikuonekana, wala vya Babesia. Lakini alikuwa ameshadungwa sindano ile ya dukani kabla ya damu kutolewa, na huenda ilifuta nyayo. Kwenye kadi yake daktari ameandika "wa msingi", na pembeni akaweka alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi.