Je, wajua kwa nini shamba humfundisha mtoto Zama za Kati vizuri kuliko ngome?

Mtajie mtoto Zama za Kati za Ulaya, yaani kama mwaka 500 hadi 1500, naye atawaza ngome, panga na wapanda farasi waliovaa deraya. Watu hao walikuwepo, ila walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa wakulima, na siku zao zilikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, mvua na mavuno. Mtoto wa miaka sita huwezi kumweleza ukabaila, yaani mfumo wa wakulima kuwatumikia mabwana wenye ardhi, kwa maneno akakuelewa. Mpeleke shambani.

Mfano mzuri ni kijiji cha Laxton, Nottinghamshire, Uingereza. Hadi leo kina mashamba makubwa matatu yasiyo na ua, yamegawanywa ngwe kwa ngwe kama zamani, na kwa zamu moja hupumzishwa. Trekta zimechukua kazi ya maksai, lakini kila mwaka wazee wa baraza la kijiji huzunguka kukagua mipaka, na aliyelima kupita ngwe yake hutozwa faini.

Swali linalomjia mtoto pale ni hili: mbona ngwe za zamani zilikuwa ndefu na nyembamba?

Jibu liko kwenye nira. Plau nzito ilivutwa na maksai, mara nyingi wanane, wawili wawili. Kuwageuza ilikuwa shughuli pevu, basi mkulima aliwaacha wanyooke kama mita 200, wakapumua, ndipo akawageuza. Eneo ambalo wangelilima kwa siku moja, takriban mita 200 kwa 20, ndilo ekari. Ni ekari hii hii tunayopimia mashamba Morogoro na Eldoret. Neno na kipimo vyote vilitufikia kupitia Waingereza. Mwanzoni ukubwa wake ulitofautiana kutoka mahali hadi mahali, kabla sheria haijausawazisha.

Usimweleze mtoto hayo yote. Panga watoto wanane wawili wawili, wote washike kamba moja ndefu iliyokazwa, kisha waambie wageuke bila kuiachia. Wa mbele watakuwa wameshageuka, wa nyuma bado wanakwenda mbele, kamba inawazonga miguuni. Dakika tatu tu, na watakwambia wenyewe kwa nini ngwe ilikuwa ndefu.

Chakula nacho kinafundisha. Weka kapuni vitunguu, kabichi, njegere, shayiri, viazi, nyanya na mahindi, kisha watoto watoe visivyokuwepo. Viazi, nyanya na mahindi vinatoka, kwa kuwa vilivuka bahari kutoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492. (Huku kwetu pia, kabla ya hapo hakuna aliyekula ugali wa mahindi.) Vilivyobaki vilichemshwa chungu kimoja, vikawa uji mzito wa kila siku.

Kisha nyumba. Katika jumba la makumbusho la Weald and Downland, kusini mwa Uingereza, kuna nyumba ya mkulima iitwayo Bayleaf, ya karne ya 15, iliyohamishwa kutoka Kent ili isimezwe na bwawa. Moto unakokwa chini, katikati ya sebule, na hakuna dohani: moshi unapanda taratibu hadi darini na kujipenyezea nje. Madirisha hayana vioo. Mtoto aliyewahi kulala kwa bibi yake kijijini, kwenye jiko la mafiga, akiingia humo ataijua harufu hiyo kabla hajaambiwa lolote.