Gome, Ukindu na Kanga ya Bibi: Yanayosemwa na Yalivyo

Kazi zangu nyingi ni za kutundika ukutani: kili ninazosuka mwenyewe, yaani mikanda ya majani ya ukindu, zikashonwa pamoja na vipande vya kanga zilizochakaa, na mara mojamoja kipande cha gome la mti wa mutuba ninaloletewa kutoka Uganda. Kusuka nilifundishwa na bibi mzaa mama, ambaye hakuwahi kuiita sanaa. Kwake ilikuwa kazi ya alasiri, baada ya vyombo kuoshwa. Kila ninapozitoa kazi hizi mbele za watu, yanarudi maneno yaleyale, mengine ya kusifu, mengine ya kubeza, na mengi katika hayo si kweli. Naanza na lile linaloharibu nyuzi za watu wengi zaidi.

“Rangi ya mmea ni ile unayoiona”

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Rangi tumezipa majina ya vitu: kijani ni majani, manjano ni ule mzizi wa jikoni, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Mtu akishazoea hivyo, anaona ni jambo la wazi kwamba ukichemsha majani mabichi utapata uzi wa kijani. Chemsha uone. Ukijani wa majani haushiki kwenye uzi; kinachobaki ni njano iliyopauka au rangi ya kaki. Wapaka rangi wa zamani walipotaka kijani cha kudumu, walitia uzi kwenye njano kwanza, kisha wakautia kwenye nili.

Bitiruti nayo ni mwongo mkubwa. Inatia wekundu wa kupendeza, unafurahi, unafua mara mbili, umekwisha. Manjano ina tabia nyingine: inashika upesi, inang’aa, haihitaji kubembelezwa, ila haivumilii jua. Niliwahi kutia ukindu manjano nikasuka kipande kizuri, nikakitundika mkabala na dirisha. Baada ya wiki chache upande wa nuru ulikuwa umerudi kuwa majani makavu, na upande wa kivuli bado unawaka kama siku ya kwanza. Nilikigeuza nikajifanya nilikusudia.

Upande wa pili kuna mimea isiyotoa dalili yoyote kwa nje. Kokwa la parachichi, ukilikata ndani ni jeupe. Likichemka kwa utaratibu linatoa rangi ya waridi. Mdaa ukiutazama kichakani ni mti tu kama mingine, lakini mizizi yake ndiyo iliyokuwa ikiwapa wasukaji wa pwani ukindu mweusi.

Na nili ndiyo kichekesho cha yote. Jani lake ni la kijani, na rangi yenyewe haiyeyuki majini. Ni lazima maji ya pipani yaondolewe oksijeni, kwa kuchachusha au kwa dawa, mpaka yageuke ya kijani chenye unjano. Kitambaa kinatoka humo kikiwa na rangi hiyohiyo, mtu asiyejua angesema kazi imeharibika. Kikipigwa na hewa kinaanza kugeuka buluu mbele ya macho yako, kuanzia kwenye mikunjo iliyo juu, kikishuka chini. Nimeiona mara nyingi na bado huacha ninachofanya nikatazama.

Nili haihitaji kitu cha kuishikisha. Rangi nyingine nyingi zinahitaji, na hapo ndipo utakapoambiwa utie chumvi na siki. Chumvi ya mezani haishikishi rangi ya mmea kwenye pamba wala kwenye ukindu. Kinachoshikisha ni madini yanayokamata uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono wa pili: shabu, ileile jiwe nyeupe ya vinyozi, au chuma. Siki inafaa kwa kazi moja hasa, kuloweka misumari yenye kutu ili upate maji ya chuma. Uzi ulioloweshwa kwanza kwenye magome au majani yenye ukakasi, ukiugusisha maji hayo, unakuwa wa kijivu, ukizidisha unakuwa mweusi. Wapaka rangi wa Mali wanapata weusi wa bogolan, kitambaa chao cha michoro, kwa njia hiyo, ila chuma chao kiko ndani ya tope. Onyo moja: chuma kikizidi kinakula uzi. Kipande kinabaki kizuri mwaka mmoja, miwili, kisha mistari myeusi inaanza kukatika yenyewe na mingine yote imesimama.

“Kuchuna gome ni kuua mti”

Kwa miti mingi ni kweli, ndiyo maana dhana hii ni ngumu kung’oka. Ukilizungushia shina kisu na kulivua gome lote, chakula kinachotengenezwa majanini kinakosa njia ya kushuka mizizini, na mti unakufa. Mutuba, wa jamii ya mkuyu, ambao Waganda huupanda mashambani mwao, ni habari nyingine ukishikwa na anayejua. Kazi hufanywa msimu wa mvua. Fundi anakwangua kwanza ganda la juu lililokauka, analipasua gome la ndani kwa wima, kisha analibandua taratibu likatoka zima, kama shati linalovuliwa. Shina tupu linafungwa majani ya migomba papohapo, kama kidonda, ili lisikauke. Chini ya bendeji hiyo gome jipya linaota. Mti mmoja unaweza kuvuliwa mwaka hadi mwaka kwa miongo kadhaa.

Kisha huja kuponda. Gome linalazwa juu ya gogo, kibandani ili jua lisilikaushe kabla ya wakati, na linapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, zile za mifereji mipana kwanza, zile za mifereji myembamba mwisho. Linapanuka kwa kila mzunguko. Likitoka hapo linaanikwa, na jua ndilo linalolitia ule wekundu wa udongo wa chungu. Lishike mkononi utaona halina uzi wowote uliofumwa; nyuzi zimelaliana ovyoovyo, zikashikamana kwa kipigo tu. Penye tundu la tawi utakuta kiraka kimeshonwa kwa uangalifu mkubwa, na mimi huwa nakitafuta kiraka hicho kabla ya kutazama kitu kingine, maana humo ndimo ninamomwona fundi.

Kazi hii UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliitambua mwaka 2005, lakini Waganda hawakuingoja UNESCO. Mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya kaboggoza, mkuu wao wa ufundi, ndio waliokuwa wakiitengenezea nasaba ya kifalme ya Buganda nguo hizi, na cheo hicho kinarithiwa. Haya yote si ruhusa ya kwenda kumchuna mwembe wa jirani.

“Cha asili hakina madhara”

Mnanaha ni mmea wa asili, na ni sumu. Chumvi za kromu na za shaba zilizotumiwa zamani kushikisha rangi zinang’arisha kweli, na zinadhuru kweli, mtu na maji ya kisima. Mimi nimebaki na shabu na chuma. Sufuria ya rangi hairudi jikoni hata ikisuguliwa vipi, na unga wowote mkavu, hata wa mmea, haupimwi bila kufunga pua. Basi.

“Hivi ndivyo walivyofanya mababu, bila kubadili kitu”

Wanaosema hivi huwa wameshika kiondo cha katani. Mkonge unaotoa katani haukuwa wetu. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalianzia kwenye hiyo 62. Akina mama wa Kikuyu na wa Kikamba walikuwa wakisuka viondo vyao kwa nyuzi za magome ya vichaka, na Ukambani kwa nyuzi za mbuyu. Katani ilipopatikana waliipima kwa vidole, wakaona inafaa, wakaichukua. Kiondo kikabaki kiondo, kwa sababu kilichorithiwa kilikuwa namna ya kuzungusha nyuzi mbili kuizunguka ya tatu, na hiyo haijali nyuzi zimetoka mti gani.

Mikeka yetu ya pwani ni vilevile. Ile zambarau kali na ile pinki inayochoma macho hazikutoka kwenye mzizi wowote. Ni rangi za unga za dukani, na ukoo wake unaanzia London mwaka 1856, kijana wa miaka 18, William Perkin, alipokuwa akihangaika kutengeneza kwinini ya kutibu malaria. Kwinini hakuipata. Alipata tope lililotoa zambarau, na baada yake kiwanda kizima cha rangi. Nikimwona mtu anausifu mkeka wa zambarau kwa “uasilia wake” namwachia furaha yake. Lakini akija mwingine kuubeza kwamba “umeshaharibiwa na rangi za kizungu” hapo nabishana. Msukaji alichagua rangi ile kwa sababu aliipenda na kwa sababu inadumu kuliko manjano. Ukindu ni uleule, umekatwa ukiwa mchanga, umeanikwa mpaka ukawa mweupe, umechanwa kwa ncha, na unasukwa ukiwa na unyevu ili usikatike vidoleni.

Na kuchukua cha mgeni ukakifanya chako si mchezo wa juzi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kuwa watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, walifuma vitambaa vya pamba nyeupe, na kwa kukosa rangi walichukua vitambaa vya buluu vilivyotoka Cambay, India, wakavifumua, na nyuzi zile wakazifuma upya pamoja na nyeupe zao. Huwa namfikiria mtu yule aliyeketi akifumua nguo nzima, uzi kwa uzi, ili apate mstari mmoja wa buluu. Kilwa nako wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Kwa hiyo na ile dhana kwamba pwani tulikuwa tukivaa tu vya kuletewa, nayo iende na maji.

“Nyuzi ni kazi ya wanawake”

Inategemea umesimama wapi. Wanaoponda gome la mutuba ni wanaume. Kwa Wakuba wa Kongo mwanamume anafuma kitambaa cha rafia na mwanamke anakitarizi, kazi moja yenye mikono miwili. Kente, kile kitambaa cha Ghana, kwa desturi ni ya wafumaji wanaume. Nyumbani kwetu kusuka kulikuwa kwa bibi, lakini aliyeingia bondeni kukata ukindu na kurudi na mikono iliyochanwa na miiba alikuwa babu, na hakuna aliyewahi kumhesabu.

“Huu ni ufundi, si sanaa”

Kiswahili hakikutenganisha sana maneno hayo, mpaka tulipoanza kuwauzia watalii. Mwaka 2022 Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa huko Italia, mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen, ambaye kazi zake ni za rafia, nyuzi za migomba na majani ya mitende, zilizosukwa na wanawake wasukaji. Banda lile lilipewa tuzo ya kutajwa kwa heshima. Msanii aitwaye Sanaa Gateja, Mganda pia, anashona shanga za karatasi juu ya gome. Swali linalonikera mimi ni jingine: kazi ikipanda ukutani, jina la aliyeisuka linakwenda wapi?

“Ukikata kanga ya marehemu umeharibu urithi”

Hili ni la nyumbani, na lina uzito. Sitalibeza. Lakini tukumbuke kanga ilivyozaliwa: mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mraba, wakazishona pamoja sita ili kupata nguo moja. Kanga imetoka kwenye sindano, haina sababu ya kuiogopa.

Nina masharti yangu lakini. Sikati kanga iliyo nzima. Nakata iliyokwisha kutoboka. Naipiga picha kwanza, naandika ilikuwa ya nani. Pindo na mji nautenganisha, jina silikati katikati ya neno. Nashona kwa uzi wa pamba, kwa sababu uzi wa nailoni una nguvu kuliko kitambaa cha zamani na utakikata kama kisu. Na kanga huja doti, zile mbili pacha: nikikata moja, ya pili naiacha ilivyo.

Ya bibi ilikuwa na jina “Mvumilivu hula mbivu”, na ilikuwa imelika palepale alipokuwa akifungia kifuani. Kipande chake nilikishona katikati ya kili nyeusi, tundu likiwa wazi, na nyuma yake gome. Mama mdogo alipokuja alisimama mbele yake muda mrefu, mkoba bado begani. Nilijiandaa kwa lolote. Akapitisha kidole kwenye tundu, akagusa gome kwa nyuma, akauliza:

“Na pacha wake uko wapi?”

Nikafungua sanduku nikamwonyesha. Akauchukua, akaunusa, akaukunja, akautia mkobani. Sijauona tena.