Usiuongeze moto: kwa nini msuli huchoka upesi kwenye mashine ya umeme

Swali ninaloulizwa zaidi katika chumba chetu cha fiziotherapia hapa Tanga haliulizwi na mgonjwa, huulizwa na aliyemsindikiza. Pedi zimebandikwa kwenye paja la mzee aliyepata kiharusi, mashine ya kukaza msuli kwa umeme imewashwa, goti linanyooka vizuri mara 10, mara 15, kisha linaanza kulegea. "Dokta, si umuongezee moto kidogo?" Na mkono tayari uko kwenye kitufe.

Ukinyanyua mguu kwa hiari yako, ubongo hauziiti nyuzi zote za msuli kwa pamoja. Huanza na nyuzi ndogo, zisizo na nguvu nyingi lakini stahimilivu, zile zinazokuwezesha kusimama kwenye foleni asubuhi nzima. Nyuzi kubwa, zenye nguvu na za kuchoka upesi, huitwa kazi ikizidi. Tena huitwa kwa zamu, kama makuli bandarini: hawa wakibeba, wale wanapumua. Ndiyo maana mwendo hutoka laini ingawa kila neva hutuma ishara mara 10 au 20 hivi tu kwa sekunde.

Mashine haijui zamu. Huamsha neva zilizo karibu na pedi, zilezile, zote kwa mpigo mmoja, na nyuzi za kuchoka upesi huingizwa kazini tangu mwanzo pamoja na zile stahimilivu. Walio mbali na pedi wamekaa kivulini. Na kwa kuwa hakuna wa kupokezana, ili mguu usitetemeke mashine hulazimika kupiga mara 20 hadi 50 kwa sekunde. Mapigo 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, ndiyo mwendo wa umeme wa TANESCO ulio ukutani. Kufanana kunaishia hapo, na asithubutu mtu kujiungia nyaya nyumbani. Basi mguu ukilegea, mzee hajazembea.

Mimi huanza na idadi ya mapigo. Nashusha kutoka 50 hadi 30, pengine 25, mpaka nione mtetemo unakaribia, kisha napandisha kidogo. Nguvu ikipungua, narefusha kila pigo, tuseme kutoka mikrosekunde 200 hadi 300 au 400, au naongeza mkondo, yaani ule "moto", kwa kiasi ili neva nyingine nazo ziingie kazini. Hayo hufanywa mwanzoni, msuli ukiwa bado mbichi. Ukiongeza mkondo msuli ukiwa hoi, utaona goti likinyanyuka tena na utafurahi, kumbe umewaita makuli wachache waliobaki, nao watachoka baada ya muda mfupi. Na mgonjwa ambaye ngozi yake haihisi anaweza kuungua bila kusema neno.

Mapumziko ndiyo tunayoyadharau kuliko yote. Miaka ya 1970 Yakov Kots, mtaalamu wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa akiwapa wanamichezo sekunde 10 za kukaza na 50 za kupumzika, mara 10 tu. Wanamichezo hao! Mzee wetu tunampa sekunde 5 za kukaza na 5 za kupumua, halafu tunamshangaa. Kwa msuli dhaifu, mapumziko yawe angalau mara 3 hadi 5 ya muda wa kukaza.

Ipo pia mbinu ya kuirudisha zamu yenyewe. Badala ya pedi moja kubwa, hubandikwa ndogo 4 juu ya msuli mmoja, kila moja ikipiga mara 10 kwa sekunde kwa kupokezana. Msuli wote hupata mapigo 40, lakini kila sehemu hubeba robo tu. Inahitaji mashine inayoweza kupokezanisha, na nyingi za mezani haziwezi.

Kwa aliyeanguka kutoka kwenye mnazi na kuumia uti wa mgongo, subira iwe ndefu zaidi. Miezi ya kulala bila kazi hugeuza nyuzi stahimilivu kuwa za kuchoka upesi. Mazoezi ya umeme ya mara kwa mara, kwa wiki na miezi, huzirudishia ustahimilivu kwa sehemu. Dakika chache katika wiki ya kwanza zinatosha.

Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo au damu iliyoganda mguuni asibandikwe pedi, wala zisiwekwe mbele ya shingo, juu ya saratani au kwenye tumbo la mjamzito. Na neva ikikatika kabisa, mashine hii ya kawaida haitaamsha kitu, kwani hufanya kazi kupitia neva.

Kwa hiyo yule msindikizaji namtoa kwenye kitufe na kumpa daftari. Ahesabu goti limenyooka mara ngapi kabla ya kushuka hadi nusu ya kimo cha mwanzo, aandike, tuzime. Ijumaa tutalinganisha na Jumatatu.