Kipimo cha Choo na Namna ya Kuchukua Sampuli Inayofaa

Mgonjwa anayelalamikia tumbo akifika kituo cha afya, mara nyingi hupewa kikopo kidogo chenye kifuniko na kuambiwa akalete choo. Wengi hukipokea kwa haya, na wapo wanaoondoka nacho wasirudi tena, wakaishia duka la dawa kununua metronidazo na dawa ya minyoo kwa kubahatisha. Haya hiyo inaeleweka, ila inawanyima kipimo kisichohitaji sindano, kisicho na maumivu, na chenye uwezo wa kueleza mengi kuhusu hali ya tumbo na utumbo. Sharti lake ni moja: sampuli ichukuliwe na kufikishwa maabara inavyopaswa, kwa kuwa hakuna utaalamu wa maabara unaoweza kurekebisha sampuli iliyoharibika njiani.

Uchunguzi huanza kwa macho. Mtaalamu wa maabara hutazama kama choo ni kigumu, laini au cha majimaji, kama kina damu, kamasi au minyoo, na rangi yake ni ipi. Choo cheusi kinachonata kama lami kinaweza kutokana na damu iliyovuja sehemu ya juu ya njia ya chakula, kwa mfano kwenye kidonda cha tumbo. Hata hivyo, vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito navyo hukifanya choo kuwa cheusi, na ndiyo sababu ni lazima mgonjwa ataje dawa zote anazotumia. Choo kilichopauka kabisa, hasa macho yanapokuwa ya njano, huashiria kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo, na mwenye dalili hiyo anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa.

Kisha huja hadubini. Chembe ndogo ya choo huchanganywa na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, na nyingine na tone la ayodini. Kwenye maji ya chumvi ndiko vimelea huonekana vikiwa hai: amiba hujivuta taratibu akitanguliza sehemu ya mwili wake, na akiwa yule anayeshambulia utumbo, huenda akaonekana amemeza chembe nyekundu za damu. Mwendo huo haudumu. Choo cha majimaji kinafaa kipimwe ndani ya nusu saa tangu kitoke, na kilicho laini ndani ya saa moja. Mtu aliyeharisha alfajiri, akaweka kikopo kwenye mkoba na kufika maabara saa nne, ataleta amiba waliokwisha kufa na kusambaratika, na jibu lake litaandikwa kwamba hakuna kilichoonekana. Jibu hilo litakuwa sahihi kuhusu kile kilichokuwamo kikoponi, lakini halimhakikishii mgonjwa kwamba yuko salama.

Jibu la kwamba amiba ameonekana nalo lina tatizo lake. Sisti, yaani amiba akiwa amejifungia ndani ya ganda, za aina iitwayo Entamoeba histolytica, ambaye huleta ugonjwa, haziwezi kutofautishwa kwa hadubini na zile za Entamoeba dispar, asiye na madhara. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kila mwezi kwamba ana amiba, akanywa dozi baada ya dozi bila nafuu, anahitaji daktari wa kutafuta chanzo kingine cha maumivu yake. Kumwongezea dozi nyingine ya dawa ileile si tiba.

Nyumbani, sampuli ichukuliwe kwenye chombo safi, kikavu. Kojoa kwanza pembeni, maana mkojo huua amiba, na choo kisiguse maji wala udongo, kwa kuwa huko kuna viumbe wengine wanaoweza kumpotosha mpimaji. Anayetumia choo cha shimo anaweza kujisaidia kwenye poti kavu au juu ya karatasi safi, kisha achote kwa kijiti kiasi cha ncha ya kidole gumba, akichagua sehemu yenye damu au kamasi kama ipo. Andika jina na saa choo kilipotoka, kisha unawe mikono kwa sabuni. Huhitaji kufunga kula.

Kwa minyoo na kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria, ikiwemo Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, hutumika njia iitwayo Kato-Katz. Choo hupitishwa kwenye wavu mdogo, hujazwa kwenye tundu la kibao linalobeba takriban miligramu 41.7, kisha hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini. Mayai yakihesabiwa na kuzidishwa kwa 24, hupatikana idadi yake katika gramu moja ya choo. Yai la kichocho cha tumbo hutambulika kwa mwiba wake wa ubavuni. Mayai ya safura ni mepesi kupotea: kioo kikikaa zaidi ya saa moja, gliserini huyafifisha yasionekane tena. Na kwa kuwa mayai na sisti havitoki kwa kiwango kilekile kila siku, mara nyingi tunaomba sampuli tatu za siku tofauti. Mgonjwa asidhani kwamba anasumbuliwa.

Anayeshukiwa kuwa na bakteria wa Helicobacter pylori, wanaohusika na vidonda vya tumbo, anaweza kupimwa antijeni yao, yaani chembechembe za bakteria wenyewe, kwenye choo. Kipimo hiki kina faida kuliko kile cha kingamwili kwenye damu, kwa sababu kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria wakiisha. Lakini omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na dawa za jamii yake zinapaswa kusimamishwa wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4, kwa maelekezo ya daktari. Kuotesha bakteria kwa ajili ya kuhara damu au kipindupindu nako hufaa zaidi sampuli ikichukuliwa kabla ya antibiotiki.

Kipo pia kipimo cha damu isiyoonekana kwa macho, kinachosaidia kugundua mapema saratani ya utumbo mpana. Damu ikipatikana haina maana kwamba ni saratani, kwa kuwa hata bawasiri huvuja, lakini utumbo lazima uchunguzwe kwa kamera.

Mtoto anayeharisha huku macho yamedidimia, amelegea au hawezi kunywa, asicheleweshwe nyumbani kwa kusubiri choo cha kupima. Aanzishiwe maji ya ORS kama anaweza kumeza, akimbizwe kituo cha afya, na sampuli itachukuliwa hukohuko akiwa ameshaanza kutibiwa.