Jukwaa lililofichwa nyuma ya kiwambo

Kila ninapoitwa kukagua sinema kongwe iliyofungwa inayotakiwa kugeuzwa ukumbi wa maonyesho ya jukwaani, wenye jengo hunipeleka kwanza ukumbini nikaone dari, nguzo na balkoni. Ni uzuri wa kumtoa mtu machozi, siukatai. Lakini mimi huomba ufunguo wa nyuma. Jibu ninalolitafuta liko nyuma ya kiwambo: je, humu watu wanaweza kuimba na kuigiza, au tutakuwa tunalazimisha?

Kisogelee kiwambo hadi pua ikaribie kukigusa. Utaona kimetobolewa vitundu vidogo mno, maelfu kwa maelfu, ili sauti ya spika zilizo nyuma ipenye. Sasa zunguka upande wa pili. Katika sinema nyingi zilizojengwa baada ya filamu kuanza kusema, utakuta spika, vumbi, halafu ukuta. Basi. Msanii hana pa kupita wala chumba cha kuvalia, na mizigo haina mlango.

Kumbi kubwa za miaka ya 1920 ni habari nyingine kabisa. Filamu zilikuwa bubu, na aliyelipa kiingilio alitarajia pia okestra, waimbaji, wachekeshaji na wanasarakasi. Ndiyo maana wajenzi waliweka jukwaa la kweli, na juu yake mnara mtupu wa kupandishia mapazia na picha za mandhari. Nikimulika tochi huko juu nikaona makapi ya kupitishia kamba bado yamejipanga, moyo wangu hutulia. Jengo hilo halibadilishwi kazi. Linarudishiwa nusu ya kazi yake ya zamani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kings Theatre, mtaa wa Flatbush, Brooklyn, jijini New York. Ulifunguliwa tarehe 7 Septemba 1929, ukiwa mmoja wa kumbi tano za kifahari ambazo kampuni ya sinema ya Loew's iliziita Wonder Theatres, yaani kumbi za ajabu, na ulikuwa na viti zaidi ya 3,600. Siku ya ufunguzi ilionyeshwa filamu ya Evangeline, na nyota wake, Dolores del Río, alifika mwenyewe. Wakati huo filamu za sauti zilikuwa zimeshaingia. Mwenye sinema angeendelea kulipa okestra na wachekeshaji kwa sababu gani, ilhali filamu inaimba yenyewe? Haukupita muda mrefu jukwaa likanyamaza, kiwambo kikabaki peke yake.

Kisha ikaja televisheni, familia nyingi zikahamia pembezoni mwa jiji, na viti elfu tatu na zaidi vikawa mzigo. Kings ilifungwa 1977. Jiji likalichukua jengo kwa sababu ya kodi zisizolipwa, na kwa miaka zaidi ya 30 maji yakapenya paa, yakala plasta na mbao. Ukarabati uligharimu takriban dola milioni 95. Mapambo yalirudishwa, na kwa upande wangu kilicho muhimu zaidi ni kwamba sehemu ya nyuma ilipanuliwa, kwa kuwa maonyesho ya leo huja na malori ya vifaa ambayo hakuna aliyeyawaza mwaka 1929. Februari 2015 ukumbi ukafunguliwa tena, na mwimbaji Diana Ross akapanda jukwaani.

Sauti nayo ina mambo yake. Okestra isiyotumia vipaza sauti huhitaji mwangwi unaodumu kama sekunde mbili. Maneno ya filamu huhitaji kama sekunde moja, la sivyo silabi zinapandana. Kwa hiyo ukumbi wa sinema wenye mazulia, mapazia na viti vya kitambaa humeza mwangwi. Mpiga fidla atalalamika, na ana haki. Bendi yenye magitaa ya umeme na ngoma nzito itafurahi, maana kila pigo linasikika safi.

Na usiidharau sakafu. Brixton Academy, ukumbi wa muziki wa London, ilianza kama sinema iitwayo Astoria mwaka huohuo wa 1929. Sakafu yake inateremka kuelekea jukwaani, na ilijengwa hivyo ili kichwa cha aliyeketi mbele kisizibe picha. Leo viti vya chini hung'olewa, watu husimama, na mfupi aliye nyuma bado anamwona mwimbaji kutoka kichwani hadi kiunoni.