Je, wajua kwa nini saa isiyo na betri humteka mtu?

Chini ya ngazi za jengo moja kuukuu kwenye River Road, Nairobi, kuna fundi saa ambaye meza yake haizidi upana wa mlango. Nilimpelekea saa ya mkono ya marehemu mjomba wangu, iliyokuwa imelala miaka mingi ndani ya kopo la Kimbo pamoja na vifungo vya mashati na funguo ambazo hakuna aliyejua zinafungua nini. Nilidhani ataitia betri, nimlipe, niende zangu.

Akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. "Hii haina betri, kijana wangu. Haijawahi kuwa nayo hata siku moja." Akaitikisa kidogo. Kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kikazunguka, na huko ndani gurudumu dogo la rangi ya dhahabu, halifiki upana wa kifungo cha shati, likaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Katikati yake palikuwa na uzi wa chuma uliojiviringa kama ile dawa ya mbu ya kuchoma, ila mwembamba kuliko unywele. Ulikuwa unatanuka na kujikunja kama kifua cha mtoto aliyelala. Baada ya muda kidogo ukatulia.

"Haijaharibika," mzee akasema. "Imekauka mafuta tu."

Nilikuwa na haraka ya kuwahi matatu ya Rongai. Nilikaa pale mpaka maduka ya jirani yakaanza kushusha milango.

Ukiwauliza wapenzi wa saa hizi walianzaje, wengi watakusimulia jambo linalofanana na hilo: saa ya baba, ya babu, au iliyookotwa soko la Gikomba katikati ya mikanda na miwani, kisha siku moja kifuniko kikafunguliwa mbele yao. Wapo wanaovutwa na jina la kampuni na heshima ya kuonekana na saa ghali mkononi, sikatai. Lakini heshima haielezi kwa nini mtu mwenye simu inayojirekebisha majira yenyewe atajinyima usingizi akisoma habari za magurudumu na meno. Kuna kitu kingine hapo, na kwa maoni yangu ni hiki: saa ya aina hii ni mojawapo ya mitambo michache iliyobaki maishani mwetu ambayo unaweza kuifuata kwa macho tangu nguvu inapoingia hadi kazi inapotoka. Na nguvu yenyewe imetoka kwako.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha utafiti mwaka 2002 kuhusu jinsi tunavyojidanganya kwamba tunavielewa vitu vya kila siku. Waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani jinsi zipu, cherehani au choo cha kuvuta maji kinavyofanya kazi. Watu wakajipa alama nzuri. Walipotakiwa waeleze hatua kwa hatua, wakakwama, na walipojipima upya alama zikashuka. Ndicho kilichonipata River Road. Nimevaa saa tangu kidato cha kwanza, na sikuwahi kujiuliza kinachousukuma ule mkono. Tofauti ni kwamba ukifungua simu ili uelewe, utakutana na vibamba vyeusi visivyokuambia kitu. Ukifungua saa ya namna hii, jibu liko mbele yako linacheza.

Basi tulifuate. Ndani ya ngoma ndogo ya chuma umekunjwa utepe mrefu wa chuma kigumu. Ndiyo kamani, au springi kama tunavyosema mtaani. Unapozungusha kile kifundo cha ubavuni, unaikaza. Wazee bado husema "kutia saa ufunguo", kwa sababu saa za mfukoni za zamani zilikazwa kwa kifunguo kidogo kweli. Zile za kujiendesha, kama ya mjomba, zina kile kipande cha nusu mwezi: kila unaponyanyua mkono kushika chuma cha matatu au kumpungia mtu ng'ambo ya barabara, kinazunguka na kuikaza kamani bila wewe kujua.

Kamani iliyokazwa inataka jambo moja tu, kufyatuka. Ikiachwa huru itafunguka yote mara moja na magurudumu yatazunguka kama pia. Kwa hiyo ufundi wote wa saa uko katika kuizuia, na kuiachia kidogo kidogo kwa kipimo kisichobadilika. Kazi hiyo hufanywa na kidude chenye umbo la nanga. Nanga hii hukamata jino moja la gurudumu la mwisho, hulishika, kisha gurudumu lile la rangi ya dhahabu linaloyumba huja na kuisukuma, jino linaachiliwa, na jino jingine linakamatwa upande wa pili. Jino linapopita huipa nanga msukumo mdogo, nanga huupeleka kwa gurudumu linaloyumba, na ndiyo maana halichoki. Mlio tunaousikia, ule wa tik-tik-tik, ni jino kugonga jiwe la nanga na kusimamishwa.

Ni jiwe kweli. Ncha za nanga zina vipande vya yakuti nyekundu, na ekseli za magurudumu nazo huzunguka ndani ya vitundu vya yakuti, kwa kuwa jiwe hilo ni gumu, ni laini likisuguliwa, na halichakai upesi. Ukiona uso wa saa umeandikwa vito 17 au 21, usidhani umebeba mali. Tangu mwaka 1902, Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kiwandani, mawe hayo yamekuwa ya bei rahisi. Kazi yake ni kupunguza msuguano tu.

Saa nyingi za kujiendesha za Kijapani hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde. Kwa siku nzima ni mara 518,400. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 189. Sasa tuseme saa yako inakosea sekunde 20 kwa siku, kosa la kawaida kabisa kwa saa ya bei nafuu. Siku ina sekunde 86,400. Ni kama kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 hivi, na mwisho wa safari ukawa umekosea mita 111 peke yake. Kwa utepe wa chuma na magurudumu yenye meno! Mimi hesabu hiyo hunisisimua kila nikiirudia.

Usahihi huo haukuja kwa siku moja. Ule uzi uliojiviringa uliingia kwenye saa mwaka 1675, Mholanzi Christiaan Huygens alipoutangaza. Kabla ya hapo saa nyingi za mfukoni hazikuwa hata na mkono wa dakika, maana zilikosea mno. Nanga ya aina tunayotumia leo ilibuniwa na Mwingereza Thomas Mudge karibu mwaka 1755. Kisha kuna John Harrison, seremala aliyejifunza saa mwenyewe, na huyu namwonea fahari kama jamaa yangu.

Mabaharia wa enzi zake walipotea kwa sababu hawakuweza kujua wako umbali gani mashariki au magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo mwenye kujua ni saa ngapi nyumbani, na ni saa ngapi pale alipo kwa kutazama jua, anaweza kupiga hesabu na kujua yuko wapi. Kilichokosekana ni saa itakayovumilia mawimbi, joto na baridi. Mwaka 1714 bunge la Uingereza liliweka zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayelitatua tatizo hilo. Saa ya nne ya Harrison ilipelekwa Jamaika mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu.

Hesabu hiyo unaweza kuijaribu hapa Nairobi bila meli. Saa zetu ziko mbele ya Greenwich, kule Uingereza nyuzi zinakoanza kuhesabiwa, kwa saa tatu kamili, kana kwamba tuko kwenye nyuzi 45 mashariki. Lakini mji wetu uko karibu nyuzi 36.8. Ndiyo sababu jua halifiki juu kabisa saa sita mchana. Hufika mnamo saa sita na nusu, likitangulia au kuchelewa kidogo kufuatana na mwezi. Simika kijiti uani, tazama kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, kisha tazama saa yako.

Na hapo ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna jambo letu. Tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo mkono mfupi ukielekea 1 tunasema ni saa saba. Mkono wa saa kwa Kiswahili cha zamani huitwa akrabu, neno la Kiarabu lenye maana ya nge. Baadhi ya mikono ya saa ina kimkia kinachochomoza upande wa pili wa kitovu. Fuata mkia wa akrabu ya saa: kichwa kikiwa kwenye 1, mkia uko kwenye 7. Kikiwa kwenye 4, uko kwenye 10. Mkia wa nge ndio unaosoma saa za Kiswahili, siku zote, bila kukosea. Niligundua hilo nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Barabara ya Thika, na nilicheka peke yangu hadi abiria mwenzangu akanitazama.

Saa hizi zilikaribia kufa. Tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, Seiko walianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwazi, inayoendeshwa na betri na kijiwe kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Bei yake ilikuwa sawa na ya gari dogo, lakini haikuchukua miaka mingi aina hiyo ikawa rahisi kuliko viatu. Leo saa ya kwazi ya kawaida hukosea sekunde 15 kwa mwezi mzima. Uswisi iliumia: wafanyakazi wa viwanda vya saa, waliokaribia 90,000 mwaka 1970, walibaki kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwa kupima wakati tu, ubishi uliishia pale. Waliobaki wakizipenda saa za kamani walizipendea jambo jingine, na mimi naamini ni lile lile la River Road.

Ukishaingia, masikio na macho yako hubadilika. Unaanza kutambua mkono wa sekunde unaoteleza, wa saa ya kamani, na ule unaoruka, wa kwazi. Ukipita karibu na mnara wa saa wa Bunge unalinganisha. Unajifunza pia kutambua feki, kwa sababu mjini zimejaa. Ushauri wangu ni kununua saa ya kawaida, ya kweli, na kumtafuta fundi kabla ya kutafuta jina.

Miezi michache baadaye saa ya mjomba ilianza kukimbia, dakika kadhaa mbele kila siku. Nilirudi nayo nikiwa na hofu. Mzee hakuifungua. Alitoa dira ndogo ya plastiki kutoka droo, akaisogeza saa karibu, na mshale wa dira ukageuka kuifuata. Sumaku. Nilikuwa naiweka kila usiku juu ya spika ya redio kando ya kitanda. Mizunguko ya ule uzi mwembamba ilikuwa imenatana, uzi ukawa kama umefupishwa, na uzi mfupi huyumba haraka. Aliipitisha juu ya kifaa fulani cha umeme, akabonyeza swichi, akaivuta polepole. Akairudisha kwenye dira. Mshale haukujali.

Siku hizi huilaza juu ya kitabu. Nikiivua Ijumaa jioni, kamani huisha Jumapili asubuhi, wakati chai iko jikoni. Nakivuta kile kifundo, naisogeza akrabu hadi mkia wake uguse tatu, nakirudisha ndani, naitikisa saa, kisha naiweka sikioni nihakikishe imeamka.